Maman Marie-Claire na Vyura Wasio na Sumu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja katika nyumba yetu ya maonyesho ya vyura hapa Bruxelles, Maman Marie-Claire Banza anastaafu. Mwandishi wa mistari hii, Désiré wa tiketi, amepewa kazi ya kumuaga kwa sababu wenzake wote walitangulia kukataa.

Maman alitoka Likasi, Kongo, kuja kusoma biolojia, akanaswa na vyura-mshale wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini. Ni wadogo kama pingili ya kidole gumba: wengine buluu, wengine manjano, wengine wekundu. Rangi hizo ni onyo kwamba wana sumu. Mwandishi aliliheshimu onyo hilo kwa miaka mingi, akijificha nyuma ya kioo cha dirisha la tiketi.

Kisha Jumapili moja ya Januari mitambo ya joto ikazimika, na fundi hakupatikana. Vyura hawa hawavumilii baridi. Mbaya zaidi, jike mmoja mwekundu alikuwa akilea viluwiluwi: kila mmoja humweka kwenye kidimbwi chake ndani ya mmea, kisha hurudi kumtagia yai la kula. Asiporudi, kiluwiluwi hufa. Maman akaamua kuwahamishia wote, na mimea yao, bafuni kwake, mtaa wa Ganshoren.

Mwandishi alipanda basi amekumbatia sanduku, amevaa glavu za jikoni na miwani ya kuogelea. Abiria walimhama, na hawakuwa wamewaona vyura.

"Désiré," Maman akamwambia humo basini, "hii batoto balizaliwa hapa Bruxelles. Sumu banaitoshaka mu badudu ya pori. Hapa banakulaka tu nzi ya matunda. Alors, unaogopa nini?"

Mwandishi akaelewa kwamba vyura wasiokula wadudu wa pori hawana sumu. Hata hivyo hakuvua glavu.

Kule bafuni jike aligoma kutaga. Maman alikaa kwenye kigoda kando ya beseni, chakula kikipoa mkononi. Hatimaye, asubuhi moja, jike akapanda jani, akaingia kinyumenyume majini, akataga. Maman alilia. Mwandishi naye alilia, miwani ikajaa maji kwa ndani.

Viluwiluwi wale walikua, na leo wajukuu wao wanaishi hadi Antwerp na Liège.

Maman, asante kwa subira yako, kwa vyura na kwa sisi. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na siku za furaha. Nawe waombee vyura wako, maana kuanzia Jumatatu atakayewalisha ni mimi.