Geraldine Mazurek, Mama wa Chumba cha Giza

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Geraldine Mazurek wa hapa hapa Rochester, aliyetutoka wiki iliyopita akiwa na miaka themanini na moja. Wengi mlimwita Mama Gerry. Alikuwa akisafisha filamu za picha. Na alizisafisha akiwa kipofu.

Gerry aliingia kiwanda cha filamu akiwa msichana. Kazi yake ilikuwa katika giza totoro, maana filamu ikipigwa na mwanga imekwisha. Wafanyakazi walipiga miluzi ili wasigongane. Kisha zikaja kamera za kidijiti, zikaja simu, kiwanda kikakosa kazi, na asubuhi moja majengo yake yakabomolewa kwa baruti mji mzima ukitazama. Gerry alikuwa barabarani na wenzake, kahawa ikimpoa mkononi. Hakulia. Alirudi nyumbani akalala na viatu.

Baadaye macho nayo yakazimika. Binti yake, Theresa, anasema mama alikuwa akishinda kitini kama mgeni anayesubiri kuchukuliwa.

Lakini vijana wakaanza kuzitafuta tena kamera za filamu. Kamera walizipata. Kusafisha filamu hawakujua. Kanisa la mtaani likawapa chumba cha chini, na mtu akamkumbuka Gerry.

"Mama, utajiunguza na hayo madawa ya kusafishia. Huoni!" alisema Theresa.

"Kwani kiwandani nani alikuwa anaona? Hebu nipe koti langu."

Akawafundisha kwa kuwashika mikono. Taa zikizimwa, wao ndio waliobabaika.

"Mbona mnaikaba filamu kama kuku anayetoroka?" aliwatania. "Ishike pembeni. Taratibu."

Siku moja akaja Vernon Applewhite, mzee aliyekuwa akiendesha lori la kuzoa theluji. Mkewe, Odessa, alikuwa amefariki. Ndani ya kamera ya marehemu Vernon alikuta filamu ambayo haijasafishwa. Picha za mkewe hakuwa nazo, kwa sababu Odessa ndiye aliyekuwa akipiga. Vernon alitumaini safari hii mkewe amejipiga mwenyewe.

"Ikiharibika je?" aliuliza.

"Nitakwambia. Lakini humo ilimo inaharibika vilevile."

Gerry akaisafisha, akaitundika. Ilipokauka, Vernon akaiinua kwenye mwanga. Akaipitia picha moja moja.

"Nyingi zimeungua," alisema. "Zilizobaki ni mimi tu. Nimelala kwenye kochi. Nazoa theluji mlangoni. Napaka mkate siagi. Yeye hayumo, Mama Gerry. Hayumo hata kwenye moja."

Gerry akapapasa mpaka akaupata mkono wake.

"Hayumo vipi, baba? Hapo kwenye kochi, nani anakuangalia?"

Mzee yule akalia kama mtoto. Tangu hapo alishuka chumbani mle kila Jumamosi, akajifunza kazi. Juzi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Baada ya mazishi vijana walimuuliza Theresa kama chumba kitafungwa. Theresa, ambaye siku zote alibaki nje ndani ya gari akimsubiri mama yake, alishuka ngazi nao. Akakaa mezani. Akawaambia, "Haya, zimeni taa. Nionyesheni alivyokuwa anafanya."

Theresa, pole sana. Mzee Vernon, vijana wa chumba cha giza, poleni. Mungu ampokee mama yenu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo kabla ya kumwinulia mtu simu umpige picha, kaa naye kwanza. Mtazame.