Dkt. Ilda Monteiro Teixeira, Aliyejifunza Kunyamaza (1961–2019)

Ilda alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961 mjini Pawtucket, jimbo la Rhode Island. Alikuwa kifungua mimba wa Armindo Monteiro, mfumaji katika kiwanda cha nguo, na Bia, aliyetoka kisiwa cha Brava, mbali na pwani ya Afrika Magharibi, akiwa msichana na hakuacha kukitaja hadi alipofariki mwaka 1980. Mdogo wake ni Valentino, ambaye sote tunamwita Tino.

Alisoma shule za hapa mjini, akapata shahada ya saikolojia mwaka 1983 na ya uzamivu huko Amherst mwaka 1990. Miaka hiyo Tino, fundi wa kupaka rangi nyumba, alikuwa amezama kwenye pombe tangu mama yao azikwe. Ilda alimkanya, akamsihi, akamwaga chupa zake kwenye sinki. Mwaka 1989 Tino akahamia Brockton bila kuaga. "Dada yangu anasomea digrii ya kunigombeza," aliwaambia majirani.

Mwaka 1991 Ilda alianza mjini Providence mafunzo ya utafiti yanayofuata uzamivu, miaka miwili ya kuchunguza unywaji wa pombe na jinsi mtu anavyobadili mwenendo. Yeye na wenzake walirekodi mazungumzo yao na wanywaji, kisha wakayasikiliza pamoja na msimamizi. Siku moja msimamizi wake, Dkt. Walter Brennick, alizima kinasa sauti.

"Yote uliyomwambia ni kweli," akasema. "Sasa niambie, yeye alisema nini?"

Ilda hakukumbuka. Alienda kukaa ndani ya gari, akalia, na aliyekuwa akimlilia ni Tino.

Jumapili iliyofuata alipika kachupa, chakula cha mahindi na maharage cha kwao mama yao, akaenda Brockton.

"Umekuja kunihubiria?" Tino akauliza mlangoni.

"Nimekuja tule."

Wakala. Kisha, kwa mara ya kwanza, Ilda akamwuliza pombe ilikuwa ikimpa nini. Tino akakaa kimya muda mrefu, na Ilda, ambaye kunyamaza kulimshinda tangu utotoni, akanyamaza naye.

"Nikinywa namsikia Mama," Tino akasema. "Nisipokunywa, nyumba kimya."

"Hata mimi simsikii, Tino. Namtafuta, simsikii."

Tino hakuacha siku ile. Alipunguza, akarudia, akapunguza tena, hadi alipoacha kabisa mwaka 1997. Jumapili zote hizo Ilda alikuwa akienda.

Alikuwa ameolewa na Raymond Teixeira, mwalimu wa hisabati, tarehe 11 Juni 1988, wakajaliwa Celeste na Adriano. Mafunzo yalimfuata hadi jikoni. "Nasikia kama unaona takataka zimejaa," alimwambia mumewe, kama alivyozoea kumrudishia mgonjwa maneno yake. Raymond akajibu, "Mke wangu, mimi si mgonjwa wako. Ukitaka nizitoe, sema."

Kuanzia 1993 hadi 2018, akiwa profesa, aliwalea watafiti chipukizi. Mmoja alimjia ameinamisha kichwa. "Profesa, mgonjwa wangu amekunywa tena. Nimeshindwa."

"Nani kakuambia kanywa?"

"Amekuja mwenyewe kuniambia."

"Basi hujashindwa."

Septemba 2018 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Tino akahamia chumba cha juu, akawa anampikia uji wa wali na kuku. Wao na familia walikuwa wamepanga kwenda Brava Juni iliyofuata, waione nyumba alimozaliwa mama yao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufika.

"Tuahirishe, Dada?"

"Nendeni. Mtakuja kunisimulia." Akasukuma kando bakuli la uji. "Hapana, Tino, sitawasikia. Nendeni tu."

Alifariki nyumbani kwake tarehe 14 Machi 2019, saa sita mchana, mkono wake ukiwa katika mkono wa Raymond.

Ameacha mume, Raymond. Watoto, Celeste na Adriano. Mjukuu mmoja, Lívia. Ndugu yake Tino. Na watafiti aliowalea, ambao leo wamejaa viti vya nyuma. Tiketi za Juni hazijarudishwa.

Mungu ampumzishe kwa amani, nasi atufundishe kuishi tukimkosa.