Mama Tafsiri na Neno Lililokosekana

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu kidogo. Leo tunamkumbuka mkalimani wa zahanati, mama wa watoto wawili, aliyefariki wiki iliyopita akiwa na miaka hamsini na mmoja. Watu walimwita Mama Tafsiri. Kisukari ndicho kilichomchukua. Narudia, wapendwa: kisukari.

Alizaliwa msituni, katika jamii iliyoishi kwa mizizi, matunda na nyama ya porini. Alipofika miaka tisa, msitu ulizungushiwa ua na mbao zikaanza kusafirishwa ng'ambo. Watu wake wakahamishiwa kando ya barabara, wakagawiwa unga mweupe na sukari. Duka la soda lilifika kabla ya zahanati.

"Tulizoea kutembea kutwa kutafuta chakula," kaka yake alituambia. "Sasa chakula kikawa kinatufuata kwa lori. Tukanenepa, tukadhani ndiyo afya."

Zahanati ilipofunguliwa, aliajiriwa kufagia. Wauguzi hawakujua lugha ya jamii yake. Siku moja akamsikia muuguzi akijibizana na mzee mmoja, kila mtu na lake. Akaegemeza ufagio ukutani, akatafsiri. Ikawa ndiyo kazi yake kwa miaka ishirini na miwili.

Lakini lugha yao haikuwa na neno la kisukari, kwa kuwa ugonjwa wenyewe hawakuwa nao. Basi akatunga lake: damu tamu. Shangazi yake alipoambiwa ana damu tamu, alifurahi. Kitamu kina ubaya gani? Akaenda zake nyumbani, vidonge akavitupa. Miezi minane baadaye akakatwa mguu, na baada ya hapo hakuishi sana.

Tangu hapo Mama Tafsiri hakuwa na raha. Neno alilibadilisha, akawa anasema damu inayokula miguu. Hata hivyo roho ilikuwa juu juu. Kila jioni alipita nyumba kwa nyumba, akimtaka kila mgonjwa amweleze upya alichoambiwa zahanati. Majirani walimtania kwamba anahoji watu kuliko polisi. Alicheka nao, kisha akauliza tena.

Naye mwenyewe alikuwa nacho kisukari, kwa miaka sita. Mwaka huu kiatu kilimchubua kidole. Akafunga kidonda kwa kitambaa, akaenda kazini kama kawaida. Binti yake ndiye aliyeisikia harufu. Akamsihi waende hospitali kubwa, mama akakataa.

"Nikilazwa, nani atasema na wagonjwa?"

"Na ukifa, mama?"

Kesho yake mama akapanda gari la kwenda hospitali.

Huko wodini homa ilipanda, Kiswahili kikamtoka. Akabaki na lugha ya mama yake tu. Madaktari hawakumwelewa. Binti, aliyekulia kule kando ya barabara kwa Kiswahili, alishika neno moja, matatu yakampita. Mama anasema jambo lile lile, tena na tena, na mtoto hajui ni nini. Mwishowe akampigia simu mjomba wake, yule kaka wa marehemu, akaisogeza simu mdomoni mwa mama. Mjomba akasikiliza kitambo.

"Anaomba maji," akasema. "Anasema ameomba tangu asubuhi."

Alikunywa bilauri mbili. Akashukuru, kwa Kiswahili. Kesho yake mchana akafariki.

Kwa watoto wake, kwa kaka yake, kwa wauguzi aliofanya nao kazi: poleni sana. Msiba huu tunaubeba pamoja nanyi.

Wasikilizaji wapendwa, Jumatatu ni siku ya kliniki ya kisukari pale zahanati. Wagonjwa kumi na mmoja wameandikishwa. Muuguzi ametuambia kwamba mkalimani mwingine hajapatikana. Wale kumi na mmoja watafika. Watapewa vidonge, wataelekezwa, na kwa adabu zao wataitikia kwa kichwa. Naomba tulitafakari hilo, wapendwa. Wataitikia, na hakuna atakayejua wamesikia nini.