Picha ya Maua

Sogeeni karibu, Kija na wewe Josephat, na mzime hiyo redio, maana kifua hiki kilichovuta harufu ya rangi miaka thelathini hakitanipa nafasi ya kurudia. Kiwanja cha Nyegezi ni chenu wote wawili, msikigawe. Brashi zangu mpeni Ngosha, mwenzangu wa kupaka mabango, niliyenuniana naye miaka sita kwa sababu ya bango la baa pale Kisesa, na mwambieni mkorofi nilikuwa mimi. Kompyuta mbili za chumba mnamofundishia vijana kutengeneza tovuti nawaachia pia, lakini msiziguse kabla hamjanisikiliza.

Mnakumbuka zahanati ilipotupa kazi ya kuitengenezea tovuti, siku hizi ambapo kila mtu anataka tovuti hata asiyejua ni kitu gani. Nami, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa na jina kutoka hapa hadi Magu, nilizidharau herufi za kompyuta, nikaandika matangazo yao kwa brashi, tukayaweka kwenye kurasa kama picha tupu. Kija, uliniambia, "Baba, hapa kuna nafasi ya kuandika maneno ya kueleza picha, kwa asiyeiona." Nikakujibu, "Asiyeona anafuata nini kwenye kompyuta?" Mkacheka, na mimi nikacheka kuwazidi.

Mwalimu Teodora wa kituo cha watoto wasioona, naye haoni, alikuwa na kompyuta inayosoma kwa sauti maneno yaliyochapwa, zawadi ya wageni. Ilisoma Kiswahili kwa ulimi wa Kizungu, lakini alishaizoea, akiisikiliza kila asubuhi ikimsomea matangazo ya zahanati. Kipindupindu kilipoingia, zahanati ilitangaza kwamba kisima cha kituo kile kisitumike. Walibandika karatasi kwenye geti la wasioona, wakaona tovuti itamalizia. Tangazo la tovuti nililiandika mimi, kwa rangi nyekundu, herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Kompyuta ya Teodora ikasema, "Picha." Akabonyeza tena. "Picha." Watoto wakanywa yale maji, na Selina, mtoto wa miaka tisa, akafa.

Baada ya mazishi Teodora alikuja hapa na fimbo yake, nyinyi mkiwa mjini. "Shikamoo, mzee Luhende. Siku ile kompyuta iliniambia picha. Ilikuwa picha ya nini?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia, "Ya maua tu, mwalimu." Akanishukuru. Alinishukuru, wanangu.

Kija, najua uliongeza maneno ya picha kwenye ukurasa wa kwanza. Lakini wewe, Josephat, kwa uvivu wako, ulinakili ukurasa uleule mara kumi na moja, maagizo yake ya ndani yamesokotana kama nyavu zilizotupwa, mkirekebisha huku, kule kunabaki kosa. Fumueni yote, muanze upya. Kila picha iwe na maneno yake. Kichwa cha habari kiwe kichwa cha habari kweli, ambacho kompyuta ya Teodora itakitambua, si maandishi ya kawaida mliyoyanenepesha. Njano juu ya nyeupe msiweke, haisomeki hata kwa mwenye macho, hilo mngeniuliza mimi. Na wanafunzi wenu wafundisheni hivyo siku ya kwanza, kabla hawajajua kupamba.

Mkimaliza, nendeni kwa Teodora. Kaeni kimya, msimshike mkono, afungue kurasa zote mwenyewe kwa vitufe. Akikwama popote, rudini mkafanye tena.

Niinulie mto, Kija... hapo, inatosha. Mungu awalinde, awape kizazi, na mikono yenu isimdhuru mtu. Msigombane... Josephat, usilie, nisikilize. Akishasikia kurasa zote, mwambieni mimi ndiye niliyewatuma. Mwambieni... siku ile... hayakuwa maua.