Jovin Mushi, Aliyejua Kwa Nini Mashine Inachelewa

Marehemu Jovin Aristides Mushi alizaliwa tarehe 9 Juni 1983 hapa Kibosho, mtoto wa tatu wa Mzee Aristides na marehemu Mama Filomena. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, sekondari Moshi mjini, kisha akashuka Dar es Salaam kusomea kompyuta. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Ukimwambia jambo, atakuuliza umelijuaje.

Mwaka 2011 aliajiriwa kutunza kanzidata ya maduka ya jumla ya Mzee Ubeid, Kariakoo. Kuna siku kumtafuta mteja kwenye kompyuta kulichelewa hadi foleni ikatoka nje, na mzee akaamua kununua mashine mpya. Jovin akaomba aangalie kwanza.

“Shikamoo mzee. Mashine ni nzima,” alikuja kumwambia. “Faharasa, ile njia ya mkato ya kutafutia, tuliiweka kwenye majina ya wateja yaliyo kwenye leseni zao za biashara. Wauzaji wanaandika ‘Mama Sabaha wa Tunduma’. Kwa hiyo haitumiki kabisa, mashine inasoma wateja wote mmoja mmoja.”

“Marahaba. Una uhakika?”

“Nimeangalia, mzee. Mimi sikisii.”

Akaweka faharasa nyingine kwenye majina ya sokoni, foleni ikaisha, na Mzee Ubeid akamwagizia kahawa na kashata.

Alifunga ndoa na Fortunata tarehe 22 Novemba 2014, wakajaliwa Beno na Candida.

Tumbo lilianza kumsumbua mwaka 2021. Akasema ni vidonda vya tumbo. Nani alimwambia? Hakuna. Huyu huyu asiyekisia alinunua dawa za duka la dawa kwa kukisia, mwaka baada ya mwaka. Fortunata alimbembeleza akapime, akamnunia, akambembeleza tena; jibu likawa ataenda kazi zikipungua. Alipolazwa Februari 2025, saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini. Familia ilisali na kumhamisha hospitali. Haikusaidia.

Wiki ya mwisho Fortunata alimuuliza, “Baba Beno, kila kitu ulikuwa unaangalia. Hili mbona hukuangalia?”

“Nilikuwa najua, Mama Beno. Sikutaka kuambiwa.”

Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025. Ameacha baba, mjane, watoto wawili na ndugu wanne.

Mungu ampe pumziko la amani. Fortunata yeye bado hajalipata.