Bi Khawla, Dele na Upande wa Pili

Alkhamisi hii, tarehe 30 Aprili 2026, Bi Khawla Harub anastaafu baada ya miaka kumi na tisa kwenye meza ya khabari ya redio yetu hapa Khuwair ya Kusini, Maskati. Kumi na tisa, jamani! Wengine wetu tulikuwa chekechea.

Alianza kwa kusoma matangazo ya vifo, akapanda mpaka mhariri mkuu. Akiomba kilo ya vitunguu dukani Al Khoudh, watu wanageuka: sauti ile!

Lakini sisi tunamjua kwa dele lake la kahawa. Khabari ya mapigano haisomwi mpaka upande wa pili upigiwe simu, na simu ikiita, yeye anamimina. Msomaji haingii studio mpaka amalize kahawa. Na Maskati nani asiyejua? Ukitosheka, tikisa kikombe. Usipotikisa, unaongezewa.

Omondi, msomaji wetu mpya miaka ile, hakujua. Ndo kwanza katoka Kenya, na khabari yake inawaka: vijiji viwili vya kwao, ng'ambo hii na ile ya mto, vimepigana, kimoja kimeteketezwa chote. WhatsApp ilishajaa. Kule Azaiba, Wakenya wenzake Priscah na Carol, wanaokaa chumba kimoja na kila mmoja ana ng'ambo yake, walishagawana masufuria. Redio nyengine zilishatangaza. Meneja wetu, Bwana Awadh, kasimama mlangoni anapiga makofi kutuharakisha: yallah, yallah!

Omondi anakunywa, Bi Khawla anamimina. Anakunywa, anamimina. Maskini, aliona kumkatalia mama mtu mzima ni kukosa adabu. Jasho linamtoka, anatutazama kama anayezama! Dele likaisha, likapikwa jengine. Ndipo simu ikapokelewa. Mwalimu wa kijiji kilichosemwa kimeteketea, yuko barazani kwake, nyumba ipo. Lililochomwa ni ghala moja, waliochoma ni vijana wanaojulikana, na wazee wa pande zote mbili wamekaa kikao tangu asubuhi.

Ikasomwa hivyo, na sauti ya mwalimu ndani. Jioni Carol akatutumia picha: sufuria moja, ugali mmoja, mikono miwili. Bi Khawla akamwambia Omondi: sulhu ile umeifanya wewe, kwa tumbo lako.

Kama alimmiminia makusudi? Tunabishana mpaka leo. Ukimuuliza anacheka tu.

Jumapili ijayo meza inakuwa ya Omondi, na tusifichane, tulikuwa na wasiwasi. Siku hizi kila mtu anataka kuwahi, nani atatuzuia? Basi juzi ikaingia khabari ya mapigano, na Bwana Awadh mlangoni na makofi yake. Omondi kanyanyuka, kachukua dele, kammiminia. Bwana Awadh akanywa, akatikisa kikombe. Omondi akajifanya bado mgeni mjini. Akammiminia tena! Na tena, mpaka simu ikapokelewa.

Bi Khawla akachukua mkoba wake, akasema sasa anaweza kwenda kulala mchana.

Ahsante, mama yetu. Mungu akupe umri, afya, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu. Sisi tupo kwenye simu. Inaita.