Silvère Anaipumzisha Kanda

Jumapili tarehe 28 Novemba 1993, saa nane mchana, kabla amri ya kutotoka nje haijatufukuza, Mzee Silvère anastaafu. Miaka kumi na minne ameghani mashairi juu ya rege katika baa yetu hapa Gisimenti, Kigali. Nimeombwa kuandika tangazo hili mimi, Nduwayo wa brosheti, yaani mishikaki, maana nimechoma nyama Bujumbura, Goma mpaka Kampala, na wanamuziki wakubwa wote wamelia njaa mbele ya jiko langu. Hakuna aliyemfikia huyu.

Alipoanza, wateja walitaka rumba. Yeye akawapa dabu: besi nzito, ngoma, halafu maneno taratibu, kama mtu anayeongea na jirani. Walidhani amesahau kuimba! Mwezi wa tatu viti havikutosha.

Walikuwa wanne: yeye, Bayingana wa besi, Gasana wa ngoma na Claudette wa kinanda. Mwaka 1989 walirekodi kanda moja ndani ya stoo, katikati ya kreti za bia. Muziki mtupu, nafasi ya maneno ikaachwa wazi. Mwaka uliofuata vita vikaanza. Bayingana alichukuliwa, hajarudi. Gasana akavuka mpaka bila kuaga. Claudette akahamia Bujumbura, na tangu rais wa huko auawe mwezi uliopita, huko nako kimya.

Silvère akapanda jukwaani peke yake, akaweka kanda, akasema mashairi. Alisimama pembeni palepale pa zamani, wenzake wapate nafasi. Wateja wakamtania: "Muzee, bendi yako iko ndani ya redio!" Akacheka, akawatambulisha mmoja mmoja kwa majina, akadai wapigiwe makofi. Nami nilipiga, koleo mkononi.

Lakini kanda inachakaa. Kila Jumamosi besi inazidi kuzama. Tulijaribu kutoa nakala, mashine ikatafuna kipande cha Claudette. Siku hiyo Silvère aliacha brosheti yangu ikapoa, jambo ambalo binadamu mwingine hajawahi kulifanya. Mama Générose, mwenye baa, akamletea vijana wapya wa kumpigia. Akawashukuru, akakataa. Mimi akaniambia: "Ndugu yangu, nikiendelea kuipiga, nitawamaliza mwenyewe."

Basi anaondoka kwa ajili hiyo, si magoti wala koo. Kanda anaipeleka kwake Gahanga, anakoishi peke yake, ikae bila kupigwa mpaka wenyewe waje kujisikiliza. Jumapili ataghani bila muziki, sisi tutampigia meza.

Mzee Silvère, asante kwa kutuchangamshia Jumamosi zetu. Tunakuombea afya na usingizi mtamu. Na siku mlango wako ukibishwa, wawe wao, wote watatu.